Pongezi kwa wahudumu wa meno wa Singida

Saratani inapotajwa, sifa nyingi huenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na ni haki yake. Leo nawapongeza wahudumu wa kinywa na meno wa Singida, ambao kazi yao huanza kabla mgonjwa hajapanda basi kwenda huko.

Mwenye saratani ya kichwa au shingo hukaguliwa kinywa kwanza. Jino bovu hung'olewa wiki mbili au zaidi kabla ya mionzi, kidonda kipone. Likiachwa likang'olewa baadaye, mfupa wa taya waweza kufa. Mionzi hukausha mate, meno yakatoboka upesi. Dawa za saratani nazo huleta vidonda mdomoni, hata ugali ukawa adhabu.

Tiba ya wahudumu hawa si ya gharama: mswaki laini, kusukutua kwa maji ya chumvi, dawa ya meno yenye floridi. Madini hayohayo, yakizidi katika maji ya visima vya mkoa huu, hutia meno ya watoto madoa. Kwa kipimo, huyalinda.

Mgonjwa anayeweza kula ana nguvu ya kumaliza matibabu. Hongereni sana, na serikali iwaongezee vifaa.