Mkono Ulioamini Muvi

Binamu yangu ana vidole viwili visivyokunja, cha pete na cha mwisho, mkono wa kulia. Ukimsalimia kwa mara ya kwanza utadhani anakupa nusu salamu.

Ilitokea hapa Luanda Kotieno, asubuhi, watu wakipima omena ufukweni, hatua chache kutoka pale feri ya Mbita inapotia nanga. Ugomvi ulikuwa wa bei, na pesa yenyewe haikufika mia mbili. Jamaa akatoa kisu cha kupasulia mbuta. Wazee wakarudi nyuma. Binamu akasonga mbele, kwa sababu yeye alijua cha kufanya: kamata kifundo cha mkono, zungusha kwa nje, kisu kinadondoka chenyewe. Alikuwa ameona ikifanyika mara mia. Akakamata kweli. Jamaa akavuta tu mkono wake nyuma, vile mtu yeyote huvuta mkono wake ukishikwa. Kisu kikapita kiganjani na kukata kano.

Nasema haya mapema ili ujue mimi si mhakiki asiye na upande. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, karo imenishinda, riziki yangu ya kwanza nyumbani ilikuwa kuwawekea watu muvi kwenye flashi. Hizo muvi mia alizotazama binamu, nyingi zilitoka kwangu.

Basi tuanze na moja. *Above the Law* ya mwaka 1988 ndiyo iliyomtambulisha Steven Seagal. Nadhani hakuna banda la vidio kati ya hapa na Kampala ambalo halijawahi kumvunjia mtu mkono kwa jina lake. Seagal hakuwa mwigizaji aliyefundishwa kurusha mikono wiki mbili kabla ya kamera kuwashwa. Alikuwa mwalimu wa aikido, alifundisha Osaka kwa miaka. Na aikido ni mtoto wa jujutsu: Morihei Ueshiba aliyeianzisha alijifunza Daito-ryu kwa Sokaku Takeda. Ule mzunguko wa kifundo cha mkono, Wajapani huuita kotegaeshi, ni mbinu ya kweli. Ukiutazama kwa makini unaona mguu unaotoka kwenye njia ya kisu kabla mkono haujaguswa. Unaona mwili mzima unageuka, mkono unafuata.

Lakini muvi haitaki uone mguu. Inataka uone mkono, halafu uso wa mshambuliaji, halafu sauti ya mfupa kama muwa unaovunjwa. Kisha huyo mtu anatoka kwenye picha na hatumwoni tena. Ongeza sauti ya DJ anayetuchekesha kwa Kiswahili na kumpa kila adui jina la utani (na mimi hiyo sanaa naipenda, si utani), basi unakuwa umepata somo tamu sana ambalo nusu yake imekatwa.

Nusu iliyokatwa ni hii. Katika jujutsu ya jadi, kujikinga na silaha hufunzwa kwa kata, yaani mazoezi ya watu wawili waliokubaliana. Anayeshambulia anajua atashambulia vipi, na mwenzake anajua pia. Kisu ni cha mti. Judo ya Kodokan imehifadhi seti moja ya namna hiyo, Kime no Kata, yenye mbinu 20: 8 za kupiga magoti na 12 za kusimama, na ndani yake kuna kisu na upanga. Watu huirudia kwa miaka. Na kabla hawajamrusha yeyote, wanafundishwa kuanguka. Somo la kwanza ni ardhi. Binamu yangu alianzia somo la mwisho.

Mwaka jana nilipata *Sanshiro Sugata*, filamu ya kwanza ya Akira Kurosawa, ya 1943. Nyeusi na nyeupe, haina DJ, na maandishi ya tafsiri yanapita mbio. Nikaileta nyumbani kwa kompyuta, tukatazama sisi wawili, feri ya jioni ikipiga honi kule nje.

Hadithi ni nyepesi. Kijana Sanshiro anakuja mjini kujifunza jujutsu. Walimu aliowafuata wanamvizia usiku mtu mmoja aitwaye Yano, mwalimu wa kitu kipya kinachoitwa judo. Yano anasimama mgongo wake ukiwa majini, hana pa kukimbilia. Wanamrukia mmoja mmoja, na mmoja mmoja wanaishia mtoni. Binamu alicheka hadi akapaliwa na chai. "Omera, huyu ni kama pale gatini!" Na kweli, mtu yeyote aliyekulia ufukweni anaielewa hiyo picha bila maelezo. Ukikimbia kwa nguvu kuelekea maji, anayekuangusha hana kazi kubwa. Ni wewe umeleta mwendo. Neno *ju* lenyewe maana yake ni ulaini, kutoshindana na nguvu bali kuiacha ipite.

Sisi tumelelewa na shujaa wa aina nyingine. Luanda Magere alikuwa mwili wa jiwe, mkuki haumwingii, na hata jina lake, kama jina la mahali hapa, ni mwamba. Siri yake ilikuwa kivuli, na alipochomwa kivulini akafa. Tukisimuliwa tunasikitikia kivuli na kusahau kuuliza kwa nini tulitaka jiwe tangu mwanzo. Filamu ya Kurosawa inauliza hilo swali kwa kijana wake. Sanshiro akishajua kurusha, anaingia mtaani na kuangusha watu ovyo. Mwalimu anamkaripia. Naye kwa hasira anaruka kwenye dimbwi la bustani, anashikilia mti uliosimikwa majini usiku kucha, hadi alfajiri anapoona ua la yungiyungi limefunguka. Sehemu hiyo mimi naona imepakwa sukari kidogo. Binamu hakuona hivyo. Alisema tu, "Maji ya usiku ni baridi."

Kisha inakuja sehemu ambayo kwangu inaibeba filamu yote. Sanshiro anapambana na Monma, mwalimu wake wa zamani, anamtupa ukutani, na Monma anakufa. Kamera haimfuati mshindi. Inabaki. Dirisha la karatasi linang'oka na kumwangukia aliyelala, polepole, kama shuka. Ukumbi umenyamaza. Halafu macho ya binti ya Monma yanamtazama Sanshiro. Toka hapo kila mtupo una uzito, kwa sababu tumeona mtu anatua wapi. Baadaye anapokutana ulingoni na mzee Murai, baba ya msichana anayempenda, hatuulizi kama atashinda. Tunamwomba mzee asiinuke tena.

Hiyo ndiyo tofauti ya muvi inayojua kupigana na muvi inayojua maana ya kupigana. Seagal ana ufundi zaidi mwilini kuliko mwigizaji yeyote wa Kurosawa. Lakini kwake anayeanguka ni kifaa.

Siipi filamu hii alama zote. Kwanza, inawadhulumu watu wa jujutsu. Karibu wote ni wagomvi au watu wa zamani waliopitwa, na adui mkuu, Higaki, anavaa suti ya Kizungu na kuvuta sigara, ili Mjapani wa wakati wa vita ajue wa kumchukia. Historia haiko hivyo. Jigoro Kano alianzisha Kodokan mwaka 1882 akiwa amejifunza Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, shule mbili za jujutsu. Judo haikuishinda jujutsu kutoka nje, ilizaliwa nayo. Tsuneo Tomita, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu, baba yake alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Kano, kwa hiyo tunasikiliza upande mmoja wa boma. Pili, tunachotazama leo kimepungua: ilipoonyeshwa tena 1944 ilikatwa kutoka dakika 97 hadi 79 bila Kurosawa kuulizwa, na mahali pengine maandishi yanatuziba pengo. Pambano la mwisho kwenye nyasi na upepo ni zuri kwa macho, ila huwezi kujua nani kafanya nini.

Filamu ilipoisha binamu alirudisha nyuma mwenyewe hadi kwa Monma, kwa kidole cha shahada cha ule mkono. Akaitazama mara mbili lile dirisha likianguka. Nikamwambia kitu ambacho nilikuwa nimekaa nacho miaka mitatu, kwamba zile muvi nilimpa mimi. Akasema anajua, na kwamba bado anadai flashi yake.

Muvi za kupigana bado naweka kwenye flashi za watu. Hii nimeiongeza, na hadi sasa ameichukua mteja mmoja. Alirudi kulalamika kwamba wanapigana kidogo sana.