Bampa la Land Rover 109

Bampa la gari la zamani likienda upande, kila mpita njia anageuka fundi. Huyu anasema lipigwe nyundo, yule anataka lifungwe mnyororo mtini livutwe. Kabungu, huku kwetu Katavi, nimeyaona yote mawili yakifanyika, na gari likaondoka vile vile.

Bampa la Land Rover 109, zile za Series III zilizoanza kuundwa 1971, ni chuma kimoja kilichonyooka, hakina urembo wowote. Ndiyo maana halifichi kitu: likishuka kidogo tu upande mmoja, hata mtoto anaona.

Fundi hodari haanzi na nyundo. Anatafuta kwanza pahali tambarare, jambo gumu kwenye gereji ya chini ya mwembe, na kuyajaza matairi upepo sawasawa. Kisha anachukua mpira wa maji, ule wa waashi, na kulinganisha pande mbili za bampa, halafu pande mbili za chesisi. Tofauti ikiwa ile ile, bampa halina kosa. Gari lenyewe limelala. Mara nyingi hulala kulia, kwenye uzito wa dereva na tangi la mafuta ambalo kwenye nyingi liko chini ya kiti chake. Waliolitengeneza walilijua hilo, wakaweka springi ngumu zaidi upande wa dereva. Anayefunga springi bila kujali ipi ni ya wapi anaurudisha ugonjwa ule ule.

Chesisi ikiwa sawa, sasa ni zamu ya bolti, na hapo ndipo ninapopenda kusimama nitazame. Zimeshikwa na kutu, basi jioni anazimwagia dizeli, anaziacha zilale. Asubuhi anazilegeza bila kuzitoa, hadi bampa lisogee kwa kusukumwa na goti. Jeki inapanda kidogo kidogo upande ulioshuka, jicho haliachi maji. Washa inapachikwa kati ya bampa na chesisi, inachomolewa, inawekwa nyembamba zaidi. Nati zinakazwa kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, kwa sababu ukimaliza upande mmoja kwanza, bampa lote linahama. Gari linazungushwa barabarani, na vipimo vinarudiwa.

Ila ncha ya chesisi ikiwa ndiyo iliyopinda, washa hazitibu. Springi ya mbele imeshikwa pale pale nyuma ya bampa. Ncha ikihama, ekseli nayo huhama, na usukani huanza kuvuta. Kuliziba hilo kwa washa ili macho yaridhike ni kumwibia mwenye gari.

Kwa hiyo, ndugu mwenye 109, ukifika gereji usiseme, "Fundi, ninyooshee bampa." Sema, "Fundi, nipimie gari," na ule muda wa kupima umlipe.