Moyo wa Mwandishi: Tukimsoma Shaaban Robert

Wengi wetu huku Kivu twalijua jina la Shaaban Robert, lakini ni wachache waliopata kukisoma kitabu chake Maisha Yangu. Kilitolewa mwaka 1949. Mwaka 1966, yeye akiwa kaburini, kilichapwa tena pamoja na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini. Hapa nataka kukipima kwa jambo moja tu: je, chatuonyesha kweli jinsi moyo wa mwandishi unavyopanda na kushuka? Nauliza hivyo kwa sababu katika paroki zetu za Bukavu wamo watu waandikao. Huyu hutunga mchezo wa Noeli, huyu nyimbo za kwaya, yule habari za ukoo wake katika daftari la shule. Huandika kwa bidii mwezi mmoja, kisha kalamu hulala mwaka mzima, nao hudhani kwamba mwandishi wa kweli hapatwi na mambo kama hayo.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 kijijini Vibambani, karibu na Tanga, akafa Juni 1962. Alikuwa Mwislamu, wala hilo lisimzuie Mkristo kumsoma, maana mambo anayoyasema juu ya haki, ndoa na malezi ya watoto yanatuhusu sote. Hakuishi kwa kalamu. Tangu mwaka 1926 alikuwa karani wa serikali ya Waingereza, kwanza katika idara ya forodha, akihamishwa toka kituo hata kituo. Basi mchana ulikuwa wa ofisi, na vitabu vilifanywa kwa saa zilizobaki. Hali hiyo twaijua. Mwalimu wa shule ya msingi hapa Bagira au Kadutu, aandikaye usiku baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, hana saa nyingi kuliko alizokuwa nazo yeye.

Sehemu iliyo bora katika Maisha Yangu ni ile ya kufiwa na mkewe Amina. Alimtungia shairi la maombolezo liitwalo kwa jina lake, na mpaka leo watu wa pwani wanalijua. Humo hatafuti maneno makubwa. Yeye ambaye penginepo hupenda kupamba kila sentensi, akiiwekea mwenzake wa kulingana nayo, hapa asema kama mtu aliyechoka. Mume aliyebaki na watoto hahitaji mapambo. Nadhani kila mjane akisoma kurasa hizo atajikuta humo.

Lakini upesi mno twarudishwa darasani. Machozi hayajakauka, naye ameanza kufundisha. Zipo tenzi mbili za nasaha alizowaandikia wanawe, moja kwa binti, moja kwa mwana wa kiume. Ni nzuri, zafaa kusomwa nyumbani, hata katika mafundisho ya wachumba. Ila zikiwa ndani ya habari za maisha yake, zafanya kazi ya mlango: zamfunika mtu tuliyeanza kumwona. Kila taabu hupata fundisho lake, kila fundisho hukaa mahali pake, na mwandishi husimama wima daima. Siku aliyoketi mbele ya karatasi tupu, neno likakataa kuja, siioni. Siku aliyopata sifa akalala akicheka, hiyo nayo siioni. Alipewa Tuzo ya Margaret Wrong, akapewa na nishani ya M.B.E. ya Waingereza, mtu mwingine angejaza sura nzima kwa mambo hayo.

Wengine watasema: huo ndio uungwana wa pwani, mtu hamwagi moyo wake mbele ya watu. Ni kweli, nami nauheshimu uungwana huo. Lakini sisi tumelelewa na Zaburi, na Zaburi hazioni haya. Ile ya 88 (katika vitabu vya zamani vya Kilatini ni ya 87) huanza na kilio, ikaisha gizani, pasipo hata mstari mmoja wa faraja mwishoni. Kanisa limeiacha hivyo hivyo katika sala zake za usiku. Mtu mwenye huzuni nzito akipewa nasaha mapema huona kama amefukuzwa. Akimkuta mwenzake gizani, huketi naye kwanza.

Je, moyo wa Shaaban Robert tuutafute wapi? Kwa maoni yangu umo katika Kusadikika, kitabu kidogo cha mwaka 1951. Ni hadithi ya nchi iliyo angani. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kutaka kuwafundisha watu elimu ya sheria. Katika kujitetea asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Wote walipata taabu njiani, wote walirudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, na wote walitiwa gerezani. Wachambuzi wengi husema ni fumbo juu ya utawala wa kikoloni. Sibishi. Lakini msome mjumbe mmoja mmoja: aenda kwa furaha, arudi na mzigo wake mwema, atandaza mbele ya wakubwa yale aliyoyaona, nao wamfungia mlango. Atakayepata kupeleka maandiko yake kwa mchapaji, akangoja jibu lisilokuja, atamtambua mjumbe huyo. Machungu ambayo mwandishi aliona haya kuyasema kwa jina lake mwenyewe, aliwapa watu sita wayachukue.

Tena mambo yenyewe yalikuwa hivyo. Mtungo wake mrefu kupita yote, Utenzi wa Vita vya Uhuru, juu ya vita vikuu vya 1939 hata 1945, ulitolewa kitabu mwaka 1967. Kufikirika nacho ni 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote ni 1968. Mtunzi hakuishika hata nakala moja ya vitabu hivyo mkononi. Katika Kusadikika mfalme huwafungua wafungwa mwishoni, na hapo ndipo hadithi huwa nyepesi kidogo kwangu, kwa kuwa upole wa mfalme waja haraka baada ya ukaidi mrefu namna ile. Maisha hayakumfanyia mtunzi upole huo.

Hapa namkumbuka Baruku, mwandishi wa nabii Yeremia. Aliandika kitabu kizima kwa kusikiliza kinywa cha nabii. Mfalme Yehoyakimu akakikata vipande kwa kisu na kukitupa motoni, naye Baruku akakaa chini akaandika tena, na maneno mengine yakaongezwa. Hiyo ni sura ya 36, na wengi waijua. Wachache wasoma sura ya 45, iliyo fupi mno, ambamo Baruku analalamika kwamba amechoka na hapati raha. Mungu hamwahidi sifa. Amwambia asijitafutie makuu, na kwamba atapewa uhai wake. Jibu kavu, mtu aweza kusema. Lakini malalamiko ya karani yamo katika Maandiko Matakatifu, hayakufutwa.

Kwetu Bukavu jambo hili si la vitabuni tu. Mwaka 1996, tena 1998, tena 2025, watu walikimbia nyumba zao, na mtu akikimbia hubeba mtoto na chungu, habebi daftari. Askofu Mkuu wetu Christophe Munzihirwa aliandika barua nyingi kuuomba ulimwengu usikie, akauawa mjini hapa tarehe 29 Oktoba 1996. Barua hizo bado zasomwa. Sijui neno gani la nasaha lingemfaa mtu aandikaye namna hiyo. Labda lingemfaa zaidi neno la mwenzake aliyekiri kwamba naye amechoka.

Mwenye kutaka kumjua Shaaban Robert bila kanzu yake ya ualimu, atafute Barua za Shaaban Robert, zilizochapwa Dar es Salaam mwaka 2002. Ni barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hata 1958. Ndugu huandikiwa tofauti na wasomaji. Na mwenye kuanza, asianze na Maisha Yangu, aanze na Kusadikika. Kiswahili chake kitamsumbua kidogo aliyezoea hiki chetu, kilichochanganyika na Kimashi na Kifaransa, lakini asome kwa sauti, ukurasa mmoja mmoja, na akiwa na mzee aliyepata kukaa Kigoma au Ujiji amwombe aketi karibu.