Ubavu Kwanza, Meno Baadaye: Kuchagua Tairi la Baiskeli Ariwara

Ukiingia duka la vipuri Ariwara, huku Kongo karibu na mpaka wa Uganda, kuuliza tairi la baiskeli, muuzaji atakuonyesha meno kwanza. "Papa, angalia meno ya hii pine!" Atapitisha kidole juu yake, atalidundisha sakafuni, kisha atataja bei, kwa franka au kwa shilingi ya Uganda, upendavyo. Ubavu hatauonyesha, na wanunuzi wengi hawauulizii.

Sasa pita nyuma ya kibanda cha fundi yeyote uangalie rundo la matairi yaliyotupwa. Yaliyolika mpaka yakawa kipara ni machache. Mengi yamekufa na meno yao: ubavu umechanika, waya wa ukingoni umechomoza, nyuzi zimeachana chini ya mpira ambao kwa juu bado unaonekana mzima. Anayejua matairi huanza na ubavu na waya. Meno huyatazama mwisho, tena kwa haraka.

Kuna sababu. Ulaya wakisema tairi la majira yote wanafikiria baridi, na mpira usiokakamaa kwenye lami iliyolowa. Sisi tuna mambo mawili tu, ila kila moja ni zito. Kuanzia Desemba hadi Februari jua linachoma, barabara ya udongo mwekundu inakuwa ngumu na yenye mabonde, na changarawe zinabaki juu zimechongoka. Kuanzia Machi au Aprili hadi Novemba mvua inaamua. Watu wengi hudhani kiangazi ndicho kinachoua tairi, kwa sababu ya mawe. Lakini mpira mkavu hukatika kwa shida; mpira uliolowa kisu hupita kwa urahisi, na jiwe lenye ncha pia, maana maji hulifanyia njia. Jiwe dogo hunata kwenye tope la tairi, gurudumu likizunguka linazidi kusukumwa ndani, mpaka linafika kwenye tyubu. Jua linalidhoofisha tairi miezi mitatu, mvua ya kwanza inakuja kulimaliza.

Baiskeli ninayoizungumzia hapa ni ile nyeusi ya chuma, ya India au China, yenye breki za vyuma na keria pana nyuma, inayobeba makaa, mihogo, jerikani za mafuta, kreti za soda, wakati mwingine mama na mtoto wake. Tairi lake ni la inchi 28 kwa 1½. Kabla ya kukagua ubora wowote soma namba, kwa sababu tairi bora la kipimo kisicho chako ni hasara tupu. Ubavuni utakuta namba mbili zenye kistari katikati: 40-635. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili haina mjadala. Lipo tairi jingine linaloitwa pia la 28, nalo limeandikwa 37-622. Limepungua milimita 13 kwenye kipenyo na halitaingia rimu yako hata fundi atoke jasho. Kwa inchi 26 mtego ni mkubwa zaidi: 26 kwa 1⅜ ni 590, wakati 26 kwa 1.75 ni 559. Muuzaji akikwambia "ni 26 tu, zote moja," mwombe akusomee namba ya milimita.

Tuingie kwenye ubavu. Shika tairi kwa mikono miwili, likunje kuelekea nje mpaka ubavu uvutike, kisha utazame kwenye mwanga wa mlangoni, si chini ya taa ya duka. Mpira mzuri unavutika na unabaki laini. Mpira uliozeeka unafungua mistari midogo midogo, imejipanga kama nyufa za kisima kilichokauka. Mistari hiyo haitapungua, itaongezeka kila siku. Matairi ya pikipiki na magari hupigwa tarehe ubavuni, tarakimu nne ambazo mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ya baiskeli, hasa haya ya bei yetu, mengi hayana tarehe. Umri wake utausoma kwa vidole.

Kisha geuza tairi utazame tumboni. Hapo ndipo tairi lenyewe lilipo. Mpira wa juu ni nguo tu. Utaona nyuzi za nailoni zimepita kimshazari, tabaka moja likikatiza jingine. Wapenda mbio hujivunia nyuzi nyembamba zilizosongamana, 120 kwa inchi, kwa sababu tairi linakuwa jepesi na linabingirika kwa urahisi barabarani. Kwa mzigo wa makaa huo ni urembo wa gharama. Nyuzi nene, kama 27 kwa inchi, zimezamishwa kwenye mpira wa kutosha, ndizo zitakazobeba. Pitisha ukucha wa kidole gumba juu yake. Uzi ukiinuka, au ukiona sehemu zilizo wazi bila mpira, rudisha tairi. Kila tundu litakalotobolewa litaingiza maji kwenye nyuzi hizo, na mpira utaachana nazo taratibu, pasipo wewe kuona, mpaka siku uvimbe utokeze ubavuni.

Ubavu unachoshwa hivi: gurudumu la 28 likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na robo hivi, kwa hiyo kila kilomita ubavu unakunjwa na kunyooka karibu mara 445. Upepo ukiwa pungufu na mzigo ukiwa mzito, mkunjo unakuwa mkali na nyuzi zinapata joto. Hata tairi bora litakufa hivyo ndani ya msimu mmoja, na lawama itaangukia kiwanda.

Baada ya ubavu, waya. Ukingoni mwa tairi, kila upande, kuna waya wa chuma unaolishikilia kwenye rimu. Matairi haya husafirishwa yamekunjwa pete tatu ili yasijaze lori, kutoka bandari ya Mombasa kupitia Kampala na Arua, na mkunjo ukifanywa kwa nguvu waya unapinda na kubaki umepinda. Fungua tairi lote. Liache lisimame lenyewe, kisha pitisha ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, duara zima, pande zote mbili. Utakutana na kinundu kimoja pale ncha za waya zilipoungwa. Hicho ni cha kawaida kikiwa laini na kimefunikwa. Kinundu chenye ncha, waya unaocheza ndani ya mpira, pembe iliyokunjika, au doa la kutu: usijadiliane bei. Waya uliopinda hautanyooka rimuni. Utaacha tairi lipande upande mmoja na kushuka upande mwingine, na siku ya jua kali tyubu itachungulia hapo na kupasuka.

Waya uliolegea ni hatari zaidi kuliko uliopinda, ila dukani ni vigumu kuugundua. Dawa ni kupima tairi kwa tairi: weka mawili ya namba moja pamoja, ukingo juu ya ukingo. Lililo kubwa kidogo liache. Na siku ya kufunga, angalia sehemu ya mwisho ya ukingo inavyoingia. Inatakiwa igome kidogo, isukumwe kwa vidole gumba. Ikianguka ndani yenyewe, tairi hilo halitashika upepo mwingi. Hapa nawaomba mafundi wetu waache bisibisi. Ukisukuma ukingo uliokwisha kuingia ushuke kwenye bonde la katikati ya rimu, duara zima, unapata nafasi ya kumaliza kwa mikono. Bisibisi inapinda waya ambao mteja ametoka kuukagua kwa makini.

Rangi si pambo. Mpira wenyewe ni mweupe wa maziwa. Weusi unatokana na masizi laini yanayochanganywa kiwandani, nayo ndiyo yanayoupa mpira uwezo wa kusuguliwa na kuukinga na jua. Matairi yenye ubavu wa rangi ya kahawia yanapendeza, hasa kwenye baiskeli mpya yenye rimu inayong'aa, na kuna vijana hawataki mengine. Baiskeli inayolala ndani na kutembea asubuhi itayavumilia. Ile inayosimama sokoni juani tangu saa tatu hadi saa kumi ichukue nyeusi tupu. Pia usikubali tairi lililoning'inizwa mbele ya duka kama bango. Limeshakula jua la wanunuzi wote waliopita. Omba lililo ndani, bado limo kwenye karatasi yake. Na nusa: duka linalopakana na kadhafi, yaani muuza petroli wa barabarani mwenye chupa zake, au linaloweka jerikani chini ya rafu, lina mpira unaolegea kabla ya kuuzwa. Petroli na mpira havikai pamoja.

Sasa meno, maana muuzaji anasubiri. Kwenye lami, tairi jembamba la baiskeli halihitaji mifereji ya kukimbiza maji kama la gari. Lenyewe ni jembamba kiasi kwamba linapasua maji. Kwenye udongo wetu mgumu, mstari mnene unaoendelea katikati, na vijino vifupi pembeni, ndio mpango mzuri. Meno makubwa yaliyoachana yanasaidia tope laini shambani, lakini kwenye barabara kavu yanatetemesha na kula nguvu ya miguu. Na yana kosa moja ambalo halionekani dukani: Agosti, tope zito linabebwa na meno hadi chini ya madigadi, linashindiliwa, gurudumu linakwama kabisa. Ndiyo sababu utaona watu wamevua madigadi msimu wa mvua na kurudi nyumbani na mgongo mwekundu. Tairi la meno mafupi linapunguza adha hiyo. Kwa utelezi wa udongo mwembamba juu ya ardhi ngumu, baada ya mvua ya dakika kumi, hakuna meno yatakayokuokoa. Shuka, sukuma.

Vijana wachache sasa wana baiskeli nyembamba za mbio za mitumba, na tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025 hamu imezidi. Matairi yake ni 622, mara nyingi ya milimita 23 au 25. Kwenye lami ya Kigali ni sawa. Hapa pima nafasi kwenye uma na breki, kisha ufunge pana kadiri linavyoingia, 32 au 35 kama fremu inakubali. Upana una faida kuliko jina la kampuni yoyote. Na breki za aina hiyo hubana ubavu wa rimu, si tumbo lake kama zetu za vyuma, kwa hiyo raba iliyofungwa juu kidogo inakwangua tairi. Nimeona matairi mapya yaliyokatwa hivyo na mwenyewe akilaani mawe.

Neno moja la historia, kwa kuwa tuko Kongo. John Boyd Dunlop alipopata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, dunia iliuhitaji mpira ghafla, na watu wa nchi hii walilazimishwa kuukamua kwenye mimea ya porini inayotambaa chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa mateso ambayo konsuli wa Uingereza, Roger Casement, aliyaandikia ripoti iliyotolewa mwaka 1904. Leo tunanunua tairi lililotengenezwa mbali. Angalau tulinunue kwa macho.

Likishafungwa, zungusha gurudumu ukitazama mstari mwembamba ulio juu tu ya rimu. Ukipanda na kushuka, toa upepo, panga upya. Jaza kwa kipimo cha upepo kilichoandikwa ubavuni, na kwa kuwa valvu zetu zenye kijimpira hazipimiki kwa urahisi, bonyeza ubavu kwa kidole gumba, si juu kwenye meno, ambako hata tairi pungufu hujifanya gumu. Tairi la zamani lililokatwa kingo zake na kulazwa ndani ya jipya, kati yake na tyubu, ni ulinzi mzuri dhidi ya miiba, mradi kingo zimechongwa zikawa nyembamba zisije zikasugua tyubu.

Na ukiwa na pesa ya tairi moja tu? Anayepanda baiskeli, hasa na abiria, aliweke jipya mbele na kuhamishia la mbele nyuma, maana tairi la mbele likipasuka linaangusha. Anayesukuma magunia kwa miguu aliweke nyuma, kwenye mzigo. La mbele likitoka upepo atasimama tu. Kwa vyovyote, usitoe pesa kabla kidole chako hakijazunguka waya wote, pande zote mbili.