Hofu na Ujirani katika Tamthilia za Nchi za Kubuni

Mnamo Aprili 2025 Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu la Kenya lilifanyika Nakuru. Miongoni mwa michezo iliyosubiriwa ni Echoes of War wa Shule ya Wasichana ya Butere, uliotungwa na Cleophas Malala. Mchezo huo wahusu ufalme wa kubuni huko Mashariki ya Kati, uliotoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ambamo vijana wanauhoji utawala. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza kwamba usizuiwe. Hata hivyo mtunzi alikamatwa, polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi, na tarehe 10 wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka jukwaani bila kuigiza.

Tukio hilo lina fasiri nyepesi, nayo ni kwamba mtawala huogopa kutazama kioo. Fasiri hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Katika uhakiki wetu tumezoea kuitazama hofu kama kitu kitokacho juu na kushuka chini: yuko mtishaji, na wako watishwao. Makala haya yanadai kwamba katika tamthilia za aina hii hofu hufanya kazi yake kubwa zaidi baina ya watishwao wenyewe. Dai hili tutalipima kwa tamthilia mbili, Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia (2001) na Kigogo ya Pauline Kea, ambazo zote zimewahi kusomwa kwa lazima katika shule za upili za Kenya.

Katika Kifo Kisimani, nchi ya Butangi imo mikononi mwa Bokono, na kisima cha maji kimo chini ya amri yake. Mwelusi anafungwa na kuteswa kwa sababu ya kudai haki, lakini mateso hayo hayamwangushi. Anayemuua ni nduguye, Gege, aliyeahidiwa kumwoa binti wa mtawala. Hapa ndipo mwandishi anapoonyesha ukomavu wake. Bokono hakuhitaji jeshi. Alihitaji mtu mmoja aliyekula chungu kimoja na Mwelusi. Utawala wa vitisho, basi, hauwezi kuenea pasipo kuingia nyumbani na kuuvunja udugu. Mtazamaji hapewi faraja ya kudhani kwamba uovu wote umo katika jumba la mtawala.

Kigogo inaanza katika njia iyo hiyo. Majoka, mtawala wa Sagamoyo, anafunga soko la Chapakazi, anamtia Ashua kizuizini, na Tunu anavunjwa mguu na wahuni. Wachongaji watatu waliokuwa wakifanya kazi pamoja wanagawanyika: Sudi anakataa kumchongea mtawala kinyago, na Boza anakubali. Kisha kunatajwa vijikaratasi vinavyowataka baadhi ya wakazi wahame, kwa kuwa Sagamoyo si kwao.

Msomaji wa Nakuru, Molo au Njoro hawezi kulipita jambo hilo upesi. Mapigano yalifika Molo mwaka 1992; Njoro iliyaona mwaka 1998; na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yakawaka Nakuru na Naivasha mnamo Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote katika ghasia hizo. Vijikaratasi vya kuwaamuru watu wahame vimo katika historia ya maeneo haya. Karatasi ya namna hiyo haina sahihi, na nguvu yake yote imo katika kukosa sahihi huko. Amri ya Majoka ina mwenyewe, na yaweza kupingwa kwa maandamano. Kijikaratasi hakina mwenyewe, kwa hiyo kila jirani anakuwa mshukiwa: aliyekuazima jembe jana, na hata aliyekuzikia mzazi.

Kwa sababu hiyo tunaiona kasoro katika ujenzi wa Kigogo. Mwishoni umati unakusanyika kwa Tunu, Kingi anakataa kuwapiga watu risasi, na Kenga, mshauri wa Majoka, anamwacha mkono bwana wake. Hofu ya kumwogopa mtawala imekwisha, na imekwisha kwa namna inayosadikika. Lakini aliyeandika vijikaratasi hatafutwi, na walioambiwa wahame hawasemi kama sasa wanalala usingizi. Mwandishi ameifungua hofu ya pili, iliyo nzito kuliko ya kwanza, kisha akaifunga kwa ufunguo wa ile ya kwanza. Kithaka, kwa kumfanya muuaji kuwa ndugu, hakujiruhusu njia hiyo ya mkato.

Haifai mtu afikiri kwamba tunaitaka fasihi ikate tamaa. Tunachotaka ni kwamba ushindi wake ulingane na ugonjwa ilioueleza. Echoes of War hatuwezi kuuhakiki kwa onyesho ambalo halikufanyika Nakuru. Lakini wasichana wale hawakukimbia kila mmoja kwa njia yake. Waliimba pamoja, wakatoka pamoja. Tamthilia itakayoandikwa kesho juu ya hofu katika Bonde la Ufa haina budi kuuliza ni nini kiliwafanya waaminiane kiasi hicho, na kama majirani wa Molo waweza kukipata.