Gamay, Zabibu Iliyofukuzwa

Mwezi Julai 1395, Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe katika milki yake. Aliuona mmea mbaya, usioaminika, unaozaa kupita kiasi na kutoa mvinyo mchungu. Mashamba alitaka yabaki kwa Pinot Noir. Karne sita baadaye, vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Gamay ni mtoto wa hiyo hiyo Pinot Noir, aliyezaliwa na zabibu nyeupe iitwayo Gouais Blanc. Mtawala alikuwa akimfukuza mwana ili kumlinda mzazi. Hata hivyo tusimbeze. Kwenye udongo wenye rutuba Gamay huzaa ovyo kweli, na mavuno mengi mno hutoa mvinyo usio na ladha. Ndiyo maana sifa za mvinyo mwekundu wa Beaujolais, unaotokana na Gamay, nawapa kwanza mafundi wake, kisha mmea.

Beaujolais ni vilima vilivyo kaskazini mwa Lyon, na sehemu yake bora ina udongo hafifu uliotokana na mawe ya matale. Ardhi hiyo inaunyima mzabibu shibe, nao wakulima kwa desturi huupogoa ukabaki kichaka kifupi. Huvuna kwa mkono, kwa sababu kichala lazima kifike kizima. Kwingineko zabibu nyekundu kwa kawaida hutolewa vikonyo na kupondwa kabla ya kuchachushwa. Hapa vichala huingizwa vizima katika chombo kikubwa kilichofunikwa. Vya chini hupasuka kwa uzito wa vya juu, maji yake huanza kuchacha, na kaboni dioksidi inayotoka humo hujaa chomboni na kuifukuza oksijeni. Zabibu za juu, zikikosa hewa, huanza kuchacha zenyewe ndani ya ganda kwa vimeng'enya vyake. Makali ya asidi hupungua, harufu ya matunda hujitokeza, na ukakasi wa maganda hautoki kwa wingi. Fundi haonekani akifanya lolote, na hapo ndipo ugumu ulipo: anachofanya ni kuamua. Akikamua baada ya siku 4 au 5 hupata mvinyo mwepesi wa kunywewa mapema. Akisubiri siku 10 au zaidi hupata wenye uzito wa kutosha kuhifadhiwa. Joto likimponyoka, jasho la mwaka mzima limepotea.

Mpinzani atasema huu ni ufundi wa pupa, na atataja Beaujolais Nouveau, inayotoka kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Nakubali: mvinyo huo ulipogeuzwa sherehe ya kibiashara, chupa nyingi zilinukia ndizi na peremende, bila dalili yoyote ya shamba zilikotoka. Lakini lawama hiyo ni ya haraka ya wauzaji. Jules Chauvet, mfanyabiashara wa mvinyo aliyekuwa pia mkemia, alishika vichala vizima vilevile, ila alidai zabibu safi, chachu ya asili, ubaridi, na salfa kidogo au isiwepo kabisa. Marcel Lapierre, mkulima wa Villié-Morgon, alifuata mafunzo yake, na mvinyo wake wa Morgon ukawa kielelezo kwa kizazi cha wakulima. Na anayedai kwamba njia hii hufanya kila mvinyo ufanane na mwenzake aonje mvinyo wa Fleurie kando ya ule wa Moulin-à-Vent, yote ya Beaujolais. Zabibu ni moja, maeneo ni jirani, lakini wa kwanza ni laini na hunukia maua, wa pili ni mzito na imara, na ukitoka mwaka mzuri huweza kukaa miaka 10 ukizidi kunoga.

Wengine hudhani wepesi ni udhaifu. Mezani hoja hiyo haisimami. Tanini, yaani ule ukakasi wa maganda, hushikana na protini, kwa hiyo mvinyo wenye tanini nyingi hutaka nyama nyekundu yenye mafuta. Kwenye samaki huweza kuacha ladha ya chuma mdomoni, na kwenye pilipili huongeza moto. Gamay ina tanini chache na uchachu mchangamfu unaokata mafuta bila kukausha ulimi. Migahawa ya Lyon iitwayo bouchon ilijua hili kabla ya wakemia: huuleta mvinyo huo katika chupa nene za sentilita 46, pamoja na soseji kavu, andouillette, soseji ya utumbo, au kuku wa Bresse kwenye mchuzi wa malai na uyoga. (Msomaji ambaye dini yake imemkataza kilevi anaweza bado kuuheshimu ufundi huu, kama mtu asiyeogelea anavyomheshimu mjenzi wa jahazi.)

Anayekunywa, basi, aupoze kidogo hadi nyuzi 13 au 14, na aanze na Morgon badala ya Nouveau. Chupa nzuri ya Morgon bado huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko Bourgogne zenye majina makubwa, na kwa maoni yangu soko limekosea.