Pongezi kwa Watu wa Treni

Mwanafunzi wa Kananga, Kindu au Kalemie anayekuja Chuo Kikuu cha Lubumbashi hana bahari ya kuvuka. Safari yake ndefu ni ya reli. Reli hiyo ilifika mjini hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, ikafika Bukama mwaka 1918 na Ilebo mwaka 1928.

Ni siku kadhaa njiani, na urafiki wa masomo huanzia humo. Kamina, kwenye njia panda ya reli, wanafunzi wa Kindu wanaingia na kusogezewa nafasi. Kijana anasoma daftari lake juu ya gunia la mahindi. Mama asiyemjua anammegea bukari na sombe. Huko Bukama, samaki wakavu wa ziwa Upemba wanapitishwa dirishani, na wenzake wa behewa, waliokuwa wageni juzi, wanachanga pesa kununua fungu moja.

Nawapongeza kwa moyo wote madereva, mafundi na wakuu wa vituo wa SNCC, shirika la reli la Kongo. Kazi yao ni ngumu, reli na vifaa vimechakaa, nao bado wanatufikisha. Mwanafunzi, ukishuka Lubumbashi, kabla ya kuelekea kampasi ya Kasapa, waambie aksanti.